Kahawa ya Chini ya Kochi

Mende wa kwanza Evaresta alimkuta juu ya mswaki wake. Alikuwa ametulia pale penye nywele za mswaki, anapunga ndevu zake ndefu bila haraka, kana kwamba alikuwa anamsubiri mwenye mswaki amalize kunawa. Evaresta alikwenda kuutupa chooni, na miswaki ya wenzake, na kikombe kilichoibeba, na dawa ya meno iliyokuwa bado nusu. Akarudi akasugua kinywa kwa chumvi mpaka fizi zikachuruzika damu. Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi, na wageni kutoka Kamuli, kule Kyerwa, walikuwa wanakuja Jumamosi.

Wageni wenyewe walikuwa wanakuja kumposa Jovitha, binti wa kwanza wa Evaresta, aliyefikisha miaka ishirini na sita na ambaye majirani wa kijiji chao, Rugera, walishaanza kumwulizia kwa sauti za msibani. Kijana mposaji, Dastan, fundi pikipiki, hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa shangazi yake, Anonciata. Sifa za mama huyu zilikuwa zimevuka kutoka Kyerwa mpaka Karagwe kabla hajavuka mwenyewe. Ilisemekana mwaka juzi alikwenda kuposea mtoto mwingine wa ukoo, akainua kifuniko cha mtungi wa maji, akachungulia, akafunika taratibu, akaaga. Posa ile ilifia hapo hapo.

Evaresta hakuiogopa hadithi hiyo, aliipenda. Yeye mwenyewe usafi wake ulikuwa wa kutesa watu. Kanisani alikuwa hakai kabla hajafuta benchi, halafu anakigeuza kitambaa ili wa pembeni waone walichokalia. "Mende ni mdudu wa watu wavivu," alizoea kusema, na alipenda kulisema hilo katika nyumba zenye mende. Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo anaamka na kukuta mende wamehamia kwake.

Kufika Jumanne alikuwa amewaona ndani ya kopo la sukari, nyuma ya picha ya Bikira Maria, na mmoja ndani ya kiatu kipya ambacho Jovitha angekivaa Jumamosi. Huyo wa kiatuni alimpondaponda kwa mchi. Mezani mume wake, Projestus, aliona mmoja anatembea ukingoni mwa sahani ya ndizi, akambonyeza kwa kidole gumba, akajipangusa kwenye suruali, akaendelea kula.

"Baba Jovitha!" Evaresta alisukuma sahani yake mbali. "Kwa kidole? Kidole hicho hicho cha kulia?"

"Ulitaka nimwombe atoke?"

Evaresta hakula siku ile. Kila alipopeleka kitu mdomoni alikuwa anaona miguu.

Aliyejua la kufanya alikuwa Gloriose. Huyu alikuwa mjane mwenye asili ya Burundi, mtu wa makamo, aliyewapalilia migomba, akawachumia kahawa msimu ukifika na kusaidia kufua. Alilala katika stoo ya nyuma ya nyumba. Mchana ule alimwangalia Evaresta anavyokimbizana na mende kwa ndala, akashindwa kuvumilia.

"Mama Jovitha, hao wanaokimbia waache. Utachoka bure. Tafuta mayai."

"Mayai gani?"

Gloriose alivuta droo ya kabati la vyombo, akamwaga vijiko, akaipindua chini juu. Pembeni kabisa, palipo na vumbi na ukungu, palikuwa pamegandishwa vitu vitatu vya kahawia.

"Mende hatagi ovyo," alisema. "Anatafuta penye giza, penye joto, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Chini ya droo. Nyuma ya redio. Kwenye mikunjo ya maboksi. Kunguni yeye anapenda mshono wa godoro. Mende yeye anatembea na kifuko chake nyuma mpaka aone pamemfaa, ndipo anakibandika kwa mate." Alikibandua kimoja kwa ukucha, akakiweka katika kiganja cha Evaresta.

"Mbona ni kahawa?" Evaresta alisema.

Na kweli ungesema ni kahawa, ile ya kutafuna, iliyochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo mgeni wa Karagwe hupewa kabla hajapewa neno lolote. Rangi ni ile ile, na ukubwa kidogo tu ndio unaopungua.

"Inafanana. Lakini pitisha ukucha hapa mgongoni. Unasikia? Ina meno, kama zipu." Gloriose alikichukua, akakiminya. Kikalia *ta*, na safu mbili za vitu vyeupe, laini, vikatokeza vikiwa vimepangana. "Humu kuna watoto zaidi ya kumi."

Evaresta aliziba mdomo kwa khanga. Mate yalimjaa, akayatema nje ya dirisha, akanawa mkono ule mara tatu kwa sabuni ya unga. Mkono haukukubali kuwa safi.

"Sasa," Gloriose alisema, "tulifungue kochi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kochi lile lilikuwa na wiki tatu tu katika nyumba ile. Lilikuwa la watu watatu, la kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, na lilinunuliwa Kayanga katika nyumba ya wageni iliyokuwa inabadilisha samani. Mbuzi wawili waliondoka ili lije. Evaresta alilifunika vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kulikalia kabla ya watu wa Kamuli. Projestus alikuwa anakaa kwenye kigoda chake na kuliangalia.

"Kochi lina nini?" Evaresta aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Chini limeshonewa kitambaa cheusi. Ndani yake ni giza na sponji. Hakuna pazuri kuliko pale."

"Kochi hilo limetoka mjini, Gloriose."

"Na mende hawa, mama, wametoka wapi? Mimi hapa nina miaka minne. Hawakuwepo."

Lilisemwa kwa upole, lakini Evaresta alilisikia lilivyo. Mtu anayelala stooni kwake alikuwa anamwambia kwamba uchafu umeingia na kitu chake. Uso ukamwaka. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia stooni na kutoka na mzigo wa Gloriose ameukumbatia kwa mikono miwili.

Aliukung'utia uwanjani. Ilikuwa jioni, watu wanatoka kuanika kahawa, wengine wanarudi kisimani, na njia ya wote inapita pale mbele ya nyumba. Wakasimama. Walimwona Evaresta anapiga kwa fimbo nguo za mwanamke mzima, gauni la ndani lenye kiraka, rozari, picha ya marehemu mume wake iliyofungwa katika mfuko wa nailoni, sufuria isiyo na mkono. Kila kimoja kilidondoka vumbini na kila kimoja kiliangaliwa. Gloriose alisimama pembeni, mikono imelegea.

Katika mkunjo wa kitenge kilidondoka kifuko kimoja cha kahawia.

"Haya!" Evaresta alikiinua juu ili wa nyuma nao waone. "Nyumba yangu ilikuwa safi! Aliyewaleta nimemlaza mwenyewe, nimemlisha mwenyewe!"

"Mama Jovitha," Projestus alisema kwa sauti ya chini, "lile kochi lililala humo stooni wiki nzima, tukisubiri saruji ya sebuleni ikauke. Si unakumbuka?"

"Nenda kaangalie mbuzi wako!"

Projestus alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa na faida nyingi, ila siku ile haukuwa na hata moja. Alikwenda kuangalia mbuzi. Gloriose aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akikunja kila nguo kana kwamba yuko ndani peke yake. Alipomaliza alijitwisha, akamtazama Evaresta.

"Kochi, mama. Lifungue," alisema, akaondoka. Usiku huo alipokewa kwa Melkiory, mkulima wa ng'ambo ya bonde, aliyekuwa anatafuta mtu wa kuanika kahawa.

Jovitha aliyaona yote kutoka mlangoni. "Mama, umemwonea," alisema. Mama yake alimwambia akachemshe maji.

*

Jumatano na Alhamisi Evaresta alipiga dawa. Alichora chaki ya mende katika kila mlango, akamwaga dawa ya unga stooni mpaka panya wakahama, akachemsha vijiko, akafua mapazia. Kochi hakuligusa. Kila alipolipitia alinyoosha kitambaa kimoja na kusonga mbele. Mende walipungua, au wakajificha vizuri zaidi, na yeye akaamini kwamba wameondoka pamoja na Gloriose.

Ijumaa alimalizia kahawa ya wageni. Hiyo hakumwachia mtu, kwa sababu kahawa ya kutafuna ndiyo uso wa nyumba. Alikuwa ameichuma mwenyewe haijaiva sana, akaichemsha na majani ya kunukia, akaikausha siku nne juani. Ilikuwa ya kahawia nzito na inang'aa. Sasa tatizo lilikuwa Projestus, ambaye kinywa chake kilikuwa hakitulii. Ukimwachia kikapu cha kahawa asubuhi, jioni unakuta kikapu. Mwaka wa jana aliimaliza ya Padri.

Kwa hiyo Evaresta alitafuta mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Aliinama nyuma ya kochi, akakuta kile kitambaa cheusi cha chini kimefumuka pembeni, akakisukumia ndani kikapu chake kidogo, kikakaa vizuri juu ya ubao. Kifuniko cha kusuka kilikuwa hakibani sana, lakini nani angekigusa? Alijipongeza. Akaenda kulala.

*

Jumamosi saa nne wakafika. Aliyetangulia ni mshenga, mzee Xaveri, na fimbo yake. Nyuma yake alikuja Athanasi, baba mkubwa wa Dastan, mtu mnene wa kutoa jasho, halafu Anonciata mwenyewe. Evaresta alikuwa amemtegemea mwanamke mrefu wa kutisha. Alikuwa mfupi, mkavu, ana kitenge kilichopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na macho yasiyo na haraka.

"Hodi, waitu, ndugu zetu," Xaveri aliita.

"Karibuni, karibuni sana. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmeamkaje huku?"

Walikaribishwa kwenye kochi. Walikaa wote watatu, Athanasi katikati, na kochi likashuka chini likaguna. Jovitha alipiga magoti, akasalimia, akatoka. Anonciata aliangalia sakafu. Aliangalia dari. Alikunja pembe ya kitambaa cheupe, akatazama mfumo wake upande wa nyuma, ambako mfumaji mzembe huacha nyuzi zinaning'inia, akakirudisha. Evaresta akaona kichwa kile kinatikisika kidogo, kwa kukubali.

Kikapu alikuwa amekichopoa alfajiri na kukifuta vumbi kwa nje. Sasa alikileta kwa mikono miwili, akapiga goti, akakifungua. Kama ilivyo desturi alichukua moja yeye kwanza, akaitafuna mbele yao, mgeni ajue hapewi sumu. Ilikuwa nzuri, chungu kwa mbali, na ile harufu ya majani. Xaveri akachukua yake. Kikapu kikasogea kwa Athanasi.

Athanasi alikuwa anaongea. Alikuwa anaeleza jinsi mvua ilivyowakatisha tamaa Kamuli, na vidole vyake vinene vilikuwa vinapapasa bila kuangalia. Na pale pale, sentimita moja kutoka kwenye kidole cha shahada, Evaresta akakiona. Kilikuwa kimelala ubavu, kidogo kuliko wenzake, kinang'aa zaidi ya wenzake. Mgongoni kilikuwa na meno.

Aliisikia ile *ta* ya Jumanne masikioni. Kidole cha Athanasi kilikigusa, kikakisogeza, kikakirudia.

"Samahani, baba," Evaresta alisema, na mkono wake ukapita chini ya mkono wa mgeni, jambo la aibu kabisa, ukakinyakua. "Kwetu huku… kwetu tunaonja mbili. Kwa sababu kahawa nayo ina pande mbili."

"Aa, vizuri!" Athanasi alisema. "Hiyo sikuijua."

"Hata mimi," alisema Xaveri, ambaye alizaliwa kilomita nane kutoka pale.

Projestus alimwangalia mkewe kwa mshangao. Wote wakamwangalia. Kahawa iliyotolewa kikapuni mbele ya wageni hairudishwi wala haifichwi kwenye khanga. Anayeishika na asiile anawaambia wageni kwamba anajua kilichomo. Evaresta aliangalia kile kitu kati ya vidole vyake, akamfikiria Jovitha na miaka yake ishirini na sita, akakitia mdomoni.

Alitaka kukimeza kizima, koo likakataa. Ilibidi atafune. Gamba lilipasuka katikati ya magego, na kilichomo kikamwagika juu ya ulimi, laini, cha uvuguvugu, kina ladha ya mafuta yaliyochacha na vumbi la kabatini. Vipande vya gamba vikamchoma kwenye fizi. Alihisi zile safu mbili zilivyotengana, akajua anahesabu, na hakuweza kuacha kuhesabu. Tumbo lilipanda. Akalirudisha. Likapanda tena na machozi yakamtoka, akameza, akatabasamu.

"Kali kidogo," alisema.

"Ndiyo kahawa," Athanasi alisema kwa heshima.

Zilizobaki alizichagua mwenyewe moja moja, akipitisha ukucha mgongoni mwa kila punje kabla ya kuiweka katika kiganja cha mgeni. Alipofika kwa Anonciata, yule mama alipokea, akamtazama machoni kwa muda mrefu, akatafuna polepole. "Nzuri sana," alisema. "Umehangaika, mama."

Mazungumzo yakaanza. Xaveri alisema wamekuja kuomba kuni na maji, maneno ya mshenga, na Projestus akajibu ya mwenye binti, na kila kitu kikaenda kama kinavyotakiwa. Walikubaliana karibu yote. Jovitha alikuwa anasikiliza kutoka jikoni na mkono kifuani. Ilikuwa imebaki kutaja tarehe.

Ndipo alipotoka mende mzima. Alichungulia kutoka kwenye mkono wa kochi, pengine joto la watu watatu lilikuwa limemchosha, akapunga ndevu, akateremka kwenye kitenge cha Anonciata kilichopigwa pasi na kusimama juu ya goti. Anonciata hakushtuka. Alimpiga kwa ukucha, mende akaanguka chini, naye akamkanyaga, basi. Angeendelea na maneno yake kama Evaresta angenyamaza.

Evaresta hakuweza kunyamaza. Bado alikuwa na kipande cha gamba nyuma ya jino, na mende yule akiwa chini pale amepasuka, aliona kila alichokimeza kinakwenda bure.

"Hao waliletwa, shangazi!" alisema haraka. "Nyumba yangu haina mende. Waliletwa na Mrundi mmoja aliyekuwa kibarua hapa. Nimeshamfukuza, nimemtolea nguo zake nje mbele ya watu. Unawajua Warundi na mizigo yao. Wanatoka na uchafu wao kwao, wanatuletea."

Athanasi aliacha kutafuna. Xaveri aliinamia fimbo yake, akaikagua pale inaposhikwa.

"Mama yetu," Anonciata alisema, "mimi na huyu kaka yangu, aliitwa Niyonkuru. Alitoka Burundi kwa miguu, mzigo kichwani, mimi mgongoni. Kamuli tulipokewa na watu, na wengine walitukung'utia mzigo hivyo hivyo, uwanjani. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka vilivyodondoka."

Evaresta alifungua mdomo.

"Usiseme, mama. Umeshasema." Anonciata alisimama, akajipangusa kitenge. "Kile ulichokitafuna pale mwanzo, nilikiona. Nilikiona kabla yako. Nilikuwa nangoja nione utamwachia kaka yangu akile, au utafanyaje. Ulipokila nilisema moyoni, huyu ni mtu, mtoto wa mwanamke huyu ndiye tunayemtaka. Mende si neno. Mende hata kwangu wapo. Lakini kumbe tumbo lako linaweza kubeba yai la mende na haliwezi kubeba kosa lako."

"Shangazi, nisamehe…"

"Siyo mimi." Alichukua mkoba wake. "Tutarudi Jumamosi ijayo. Huyo mama mtakuwa mmempata. Tukimkuta hapa tutataja tarehe. Tusipomkuta, tutakunywa maji na kuaga."

Walipotoka, Evaresta alikimbilia migombani, akatapika mpaka ikabaki nyongo. Jovitha alimshika paji la uso.

"Ulijua?" mama alimwuliza alipoweza kusema. "Ulijua ni Warundi?"

"Nilijua. Hukuniuliza, mama. Uliuliza kama wana nyumba ya bati."

*

Projestus ndiye aliyelifungua kochi. Mara hii hakuomba ruhusa. Walilibeba uwanjani, wakalipindua, akakata kile kitambaa cheusi kwa kisu cha ndizi kutoka pembe hadi pembe. Vilimwagika. Vifuko vya mayai vilimwagika kwa mamia, vilivyojaa na vilivyopasuka, na maganda ya mende waliojivua, na kinyesi kama pilipili manga, na mende wazima wa kila umri, wengine weupe waliozaliwa asubuhi ile. Mbao zote zilikuwa zimebandikwa mayai. Harufu yake ilikuwa ya uvundo mtamutamu unaoganda kooni. Na pale pembeni, kwenye ubao, vumbi lilikuwa limeacha duara safi, saizi ya kikapu kidogo.

Evaresta aliliangalia duara lile. Alijichukia kwa namna ambayo hakuwa amewahi kumchukia hata mende.

"Choma," alisema. Thamani ya mbuzi wawili ikapanda na moshi, pamoja na vitambaa vyeupe.

Jumatatu alivuka bonde. Gloriose alikuwa kwa Melkiory, anageuza kahawa kwenye mkeka. Hakusimama.

"Karibu, mama."

"Lilikuwa kochi," Evaresta alisema.

"Najua."

"Nimekuja… Gloriose, nilikukosea. Nakuomba urudi. Wale wa Kamuli wanakutaka uwepo Jumamosi." Alijisikia akisema hilo la mwisho, akaona lilivyo chafu, akajirekebisha. "Hata wasingekutaka. Ningekuja. Sijui ningekuja lini, lakini ningekuja."

Gloriose alitoa jani kwenye kahawa, akalitupa. "Siku ile walisimama watu kumi na wawili. Niliwahesabu ili nisilie. Walimwona marehemu mume wangu chini, kwenye vumbi."

Evaresta alichuchumaa, akaanza naye kugeuza kahawa. Waligeuza mkeka mzima.

"Sitarudi kufanya kazi kwako," Gloriose alisema hatimaye. "Huku nimepata. Jumamosi nitakuja, kwa ajili ya Jovitha. Lakini sitafagia na sitaosha hata kikombe. Nitakaa walipokaa wageni. Utaniletea kahawa. Na utasema, wageni wakisikia na majirani wakisikia, mende walitaga wapi."

*

Jumamosi watu walikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani kigangoni. Majirani walikuwa wameitwa, na waliosimama siku ile ya mzigo walikuja wote, kwa sababu hakuna anayekosa jambo kama lile. Gloriose alikaa kati ya Anonciata na Athanasi, amejifunga kile kitenge kilichokung'utwa uwanjani.

Evaresta alisimama katikati ya sebule, kikapu mkononi.

"Mende walitaga ndani ya kochi langu," alisema. "Nililinunua mwenyewe, nikalileta mwenyewe. Huyu mama aliniambia niangalie. Sikuangalia, kwa sababu lilikuwa langu na lilikuwa zuri. Nikaenda kuangalia kwenye mzigo wake. Mliosimama hapo nje mliona. Na hili mlione." Aligeuka, akapiga goti mbele ya Gloriose, mpaka chini. "Nisamehe, Mama Gloriose."

Aliifungua kahawa. Akachukua moja, akaitafuna. Halafu akanyoosha kikapu kwa mgeni wake.

Gloriose hakuwa na haraka. Alichagua punje moja, akaiinua penye mwanga wa dirisha. Aliigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili. Akapitisha ukucha mgongoni mwake, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Xaveri aliacha kupumua. Jovitha alikuwa amesimama mlangoni na macho amefumba, na Evaresta, chini pale alipopiga goti, alijua kwamba mwanamke huyu akisema neno moja tu, kweli au uongo, hakuna atakayebisha.

"Hii ni kahawa," Gloriose alisema, akaitia mdomoni.